Nani Analala Naye?

Siku ya kuniaga mlinipa godoro. Wengine hupewa saa ya ukutani, wengine mbuzi. Mimi nikapewa godoro pana la watu wawili, likafungwa nyuma ya pikipiki na kuletwa hapa kwangu Busawe likiyumba njia nzima kama mlevi anayesindikizwa. Nawashukuru. Nalala katikati yake kama punje moja ya mahindi kwenye ungo. Na kwa kuwa Samweli, huyo mrithi wangu, aliniambia pale getini, "Mzee Wambura, usikae bure, tuandikie ulivyofanya kazi," nimekaa sebuleni kwangu, mahali ninapopapenda kuliko pote duniani, nikaandika. Msitafute humu habari za vyeo. Nilivyoingia ndivyo nilivyotoka, isipokuwa nywele.

Niliingia chumba cha mazoezi cha kituo chetu cha afya nikiwa na cheti cha kidato cha nne na chuki ya safari. Kazi nyingine za wakati ule zilitaka mtu wa kuzunguka: kuchanja ng'ombe, kupima mashamba, kupulizia dawa ya mbu. Hii ilitaka mtu wa kukaa na mgonjwa asiyeweza kutembea. Nikaona Mungu amenikumbuka. Mgonjwa hawezi kukimbia, mimi sitaki kukimbia, tutaelewana.

Aliyenipokea ni Mzee Matiko, msaidizi wa fiziotherapia wa siku nyingi, mtu mfupi mwenye viganja vipana kama majembe. Siku ya kwanza kabisa aliletwa baba mmoja wa kiharusi, mkono umelegea. Nikaona niwe mwepesi, nikamshika mkono huo nimvute ainuke. Mzee Matiko akanichapa kifundo cha mkono kwa bendeji iliyoviringwa.

"Mura," akaniambia, yaani kijana, "huo si mkia wa ng'ombe. Mkono wa kiharusi hauvutwi. Bega lake hapo limeshikiliwa na ngozi na heshima tu."

Hilo ndilo somo la kwanza nililopata kazini, na nimewapa ninyi nyote, wengine kwa bendeji ileile.

Vifaa vyetu vilikuwa mifuko ya mchanga ya uzito mbalimbali, kamba iliyopitishwa kwenye roda ya kisima, mpira wa matambara, na kioo kirefu kilichovunjika kona ya juu, hivyo wagonjwa warefu hawakujua nyuso zao zinaendeleaje. Lakini kifaa kikubwa cha Mzee Matiko kilikuwa swali. Mgonjwa akiingia, hamuulizi unaumwa wapi. Anamgeukia aliyemleta, anauliza: "Nani analala naye?"

Wasichana waliowaleta bibi zao waliona aibu. Wake waliwatazama waume zao kana kwamba kuna habari mpya. Mimi mwenyewe nilimuuliza mzee kwa nini anaanza na jambo la chumbani.

"Hapa atakaa na wewe muda mfupi," akasema. "Kule ana mtu anayemgeuza, anayemkalisha, anayemwambia kunja goti. Huyo ndiye fiziotherapia. Wewe ni mgeni tu mwenye koti."

Akijibiwa kwamba hakuna anayelala naye, mzee alirudisha mfuko mkubwa wa mchanga, akachukua mdogo, kana kwamba upweke nao una uzito na mgonjwa amekuja ameshaubeba.

Mzee Matiko alipostaafu nikarithi roda, mifuko na swali. Ndipo dhahabu ikaja. Nasema ikaja, ingawa ilikuwepo ardhini tangu uumbaji. Waliokuja ni watu. Ng'ambo ya Mto Mara, kule Matongo, ardhi ilianza kutobolewa kama kiazi chenye wadudu, na vijana wa huku Serengeti wakavuka kwenda kutoboa na wao. Majibu ya swali langu yakabadilika. "Nani analala naye?" Alikuwa mwanawe, yuko Matongo. Alikuwa mjukuu, yuko Matongo. Nyumba nyingi zikabaki na mzee mmoja na kuku.

Wenzangu walinipitia twende. Niliwauliza nani atafunga mbuzi. Mke wangu, Mama Rhobi, alikuwa na akili kutuzidi sote: aliona mwenye busara hachimbi, anawauzia wanaochimba. Akaanza kuleta mabuti na vitenge kutoka Migori, kwa dada yake, upande wa Kenya. Baadaye akaona ni rahisi zaidi kukaa kule na kutuma huku. Alitaka tuhamie wote. Nikamwambia, "Na mbuzi?" Akasema, "Basi, baki na mbuzi." Hatukugombana. Sisi tulikuwa watu wa utani. Hata usingizi wangu aliutania, akasema mimi hata nikilala simpi mtu raha. Huja sikukuu, hukagua nyumba kama bwana afya, huondoka.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiishi alipoletwa Bibi Nyangi wa Nyansurura.

Kwa ninyi mliopangiwa kazi huku kutoka mikoa mingine, nieleze kidogo. Kwetu mama mjane asiye na mtoto wa kiume anaweza kuoa. Anatoa ng'ombe, analeta msichana nyumbani, na watoto watakaozaliwa ni wa nyumba ile. Inaitwa nyumba ntobhu. Bibi Nyangi alikuwa ameoa hivyo. Msichana wake aliitwa Bhoke, alikuwa na mtoto mmoja wa kike wa kubeba mgongoni, na siku Bibi Nyangi alipoletwa kwangu, Bhoke alikuwa ameshavuka mto kwenda Matongo, yeye na mtoto. Walioleta mgonjwa ni majirani, na jibu la swali langu walilitoa kwa sauti ya kusengenya: "Alikuwa na mke. Amefuata dhahabu."

Kiharusi kilikuwa kimemshika upande wa kulia. Mdomo umekwenda upande, lakini maneno yalikuwa yanapita, tena yote, hata yale ambayo ningependa yakwame. Nilimkunja goti, akaniambia nina mikono baridi kama ya chura. Nilimsimamisha, akauliza kama Busawe tunafundishwa kusimama au tunaona kwa wenzetu. Shida yake aliyoitaja haikuwa mguu. Ilikuwa uchovu. Anaamka amechoka kuliko alivyolala. Anasinzia akimenya muhogo, anasinzia kanisani, na siku moja nusura aangukie moto.

Wiki ya pili nikaenda kwake, maana majirani walishachoka kumbeba. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Alikuwa amekaa mkekani, kichwa kimeegemea ukuta, anasimulia ubaya wa Bhoke, na katikati ya neno akalala. Akaanza kukoroma, sauti ikapanda kama mashine ya kusaga inayoongezewa mahindi. Halafu kimya.

Nilisubiri. Tumbo lilikuwa linapanda, kifua kinavutika ndani, mwili wote unafanya kazi ya kupumua, lakini hewa haiingii. Midomo ikaanza kubadilika rangi. Nilipokuwa nanyoosha mkono nimtikise, akavuta pumzi kwa kishindo kama mtu aliyeibuka mtoni, akatafuna hewa, akaendelea kukoroma. Punde kimya tena.

Jambo hili nilikuwa nimelisikia kwa mtaalamu mmoja wa mazoezi, mama wa hospitali kubwa aliyekuja kutufundisha. Pumzi hukatika usingizini. Misuli ya koo hulegea, ulimi unarudi nyuma, njia inaziba. Watu wengi waliopata kiharusi wanayo na hawajui, kwa sababu wakati inapotokea wamelala. Mwili unaamshwa kila mara ili usife, kwa hiyo haulali kamwe, shinikizo la damu linapanda, na kiharusi cha pili kinakaribishwa. Nilipomwangalia Bibi Nyangi pale ukutani nilielewa kwamba mimi nilikuwa nahangaika na goti, na mauti yalikuwa yanapita kooni.

Dawa yake hasa ni mashine ya kusukuma hewa puani usiku kucha. Inahitaji umeme, na Nyansurura ya wakati ule umeme wake ulikuwa wa radi. Yakabaki mambo matatu: alale ubavu, aache pombe ya jioni, na afanye mazoezi ya misuli ya kupumulia. Kwa hilo la tatu yule mtaalamu alikuwa ametuachia kidude: bomba fupi la plastiki lenye springi ndani na skrubu ya kukazia. Unabana pua, unafunga midomo kwenye bomba, unavuta hewa kwa nguvu kutoka tumboni mpaka springi ikubali, unaitoa taratibu, unapumzika. Asubuhi na jioni. Misuli inayovuta inapata nguvu, na ya koo nayo inajifunza kusimama. Si muujiza. Mtaalamu mwenyewe alisema wengine husaidika, wengine kidogo tu. Pima shinikizo la damu kwanza, na mgonjwa akiona kizunguzungu, acha.

Nikampa. "Vuta, mama."

Akavuta, hewa ikavujia upande ule uliolegea. Nikambana shavu kwa vidole viwili, akavuta tena. Akakitoa mdomoni, akakikagua.

"Huu ni mrija."

"Ni kama mrija."

"Pombe iko wapi?"

"Hakuna pombe."

"Mura, nimekunywa kwa mrija na wazee waliokwisha kufa wote. Sijaona mtu anampa mwenzake mrija bila chungu. Huko kwenu ndivyo mnavyokaribisha wageni?"

Nilirudi baada ya siku chache nikasikia kutoka njiani mtu anavuta pumzi kwa bidii, nikafurahi. Nikaingia. Bibi Nyangi alikuwa ameketi, kidude kimefungwa kwa kipande cha khanga kwenye bega lake la kiharusi, mdomo wa bomba umekandamizwa kwenye ngozi, na jirani yake amepiga magoti anavuta upande wa pili, mashavu yameingia ndani, macho yamemtoka. Alikuwa amekielewa kama pembe ya kuumikia, ile ya kuvuta damu mbaya. Nilikuwa nimesema kinavuta, na penye kuvuta kwao ni pale panapouma.

"Inasaidia?" nikauliza.

"Bega bado," akasema Bibi Nyangi. "Lakini huyu kikohozi chake kimepungua."

Andikeni hili mahali: usimwambie mgonjwa kifaa kinafanya nini mpaka umemuuliza kinafanana na nini.

Nikamwelekeza upya. Lakini nilijua mimi nikiondoka ataweka kidude kwenye dari, na hata asipoweka, hakuna wa kuniambia pumzi zake za usiku zinaendeleaje.

"Nani analala na wewe sasa, mama?"

"Mbu."

"Na Bhoke alikuwa analala wapi?"

"Hicho chumba cha pili." Akaonyesha kwa kidevu. Ukuta wa matope kati ya vyumba haukufika paani. "Tangu nianguke, eti alikuwa ananiuguza kutoka huko. Uguza gani. Asubuhi anasinzia kwenye jiwe la kusagia. Mvivu. Nilitoa ng'ombe wazuri wenye pembe, nikaletewa usingizi."

Sasa mimi, mtu ambaye hata kwenda Mugumu nilihitaji siku tatu za kujiandaa rohoni, nikapanda bodaboda kwenda Matongo. Kuanzia darajani nilifumba macho, kwa hiyo siwezi kuwasimulia Mto Mara. Nilifumbua nikasikia kelele kwanza. Makarasha, mashine za kusaga mawe, yalikuwa yanalia kila upande, na watu weupe kwa vumbi wanapita na mifuko mgongoni. Nilikuwa nimepanga hotuba ya kumkemea Bhoke. Nilikuwa nimeipanga vizuri, ina Biblia ndani.

Nilimkuta nyuma ya karasha moja anapakua wali na maharage, mtoto amelala chini ya meza. Alikuwa msichana mwembamba mwenye macho makubwa. Alinijua kwa koti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mama yako anakusalimu."

"Hajanisalimu huyo. Usianze na uongo, baba, utachoka mapema."

Hotuba yangu ikapoteza ukurasa wa kwanza. "Watu wanasema umefuata dhahabu."

Akainua mwiko unaochuruzika mchuzi wa maharage. "Ndiyo hii. Umeiona?"

"Basi ulikimbia nini?"

Akafunika sufuria, akakaa kwenye ndoo. Tulikuwa tunaongea kwa kupaza sauti kwa sababu ya karasha, hata mambo ambayo mtu angependa kunong'ona.

"Kule nilikuwa silali," akasema. "Anaanza kukoroma. Hiyo si neno, hata baba yangu alikoroma. Halafu ananyamaza. Na mimi nanyamaza. Nasubiri. Nasema sasa amekufa, na watu watasema mke wake ndiye amemuua. Nasubiri mpaka nagundua hata mimi sipumui. Halafu anavuta kama aliyetolewa majini, anaendelea. Moyo wangu haujarudi mahali pake, ananyamaza tena. Mpaka kuche. Asubuhi nikisinzia, mimi ni mvivu."

"Hukumwambia?"

"Nimwambie nini? Kwamba kila usiku anakufa mara nyingi?"

Nikatazama lile karasha linavyotikisa ardhi. Kichwa changu kilikuwa kimeshaanza kuuma. "Na hapa unalala?"

"Vizuri sana. Hili halinyamazi."

Nilimweleza kwamba ule ni ugonjwa, una jina, na kwamba mambo aliyoyasikia kupitia ukuta ndiyo yule mtaalamu angeyataka, neno kwa neno. Akasikiliza, mwiko umesimama mkononi.

"Kwa hiyo si mimi nina wazimu."

"Si wewe."

Akanipakulia sahani, akasimama juu yangu mpaka nikala. Lakini kurudi alikataa. "Siwezi kukaa tena nasubiri. Akiacha kunyamaza, nitarudi."

Njia ya kurudi sikufumba macho. Sikuona mto pia. Nilikuwa naangalia shingo ya dereva na kufikiri. Nilipofika nyumbani nikafunga mbuzi, nikawasha redio, nikaiacha iongee.

Kesho yake nilimpelekea Bibi Nyangi maneno yale kama nilivyopewa. Nilitegemea matusi. Alikaa kimya, na kwake yeye kimya cha mchana kilikuwa kitu kigeni.

"Alikuwa anasikia?" akauliza mwishowe.

"Kila usiku."

"Mbona hakuniamsha?"

"Aliogopa akikuita usiitike."

Akageuza uso upande wa ukuta ule usiofika paani. "Na mimi nilikuwa najua niko peke yangu," akasema. Kisha akanyoosha mkono wake mzima. "Lete mrija."

Tangu siku ile sikulazimika kumwambia vuta. Nilikwenda kila nilipoweza, nikakaza skrubu kidogo kidogo, na kila nikiikaza alinitukana kwanza ndipo akavuta. Kidude tulikiosha kwa maji ya uvuguvugu na kukikausha, tangu siku tuliyomkuta mende amehamia ndani. Kwa kulala ubavu tulishona mfuko mgongoni mwa gauni lake la kulalia, tukatia gunzi la mahindi. Akigeuka chali linamchoma. Alisema amezaa bila kupiga kelele, leo anateswa na gunzi. Pombe ya jioni aliiacha, na hilo namhesabia kuwa kubwa kuliko yote, maana alikuwa mpikaji wake.

Lakini ndani ya nyumba ile aliendelea kulala peke yake. Nikimuuliza anaonaje, anasema, "Nasinzia kidogo kuliko zamani. Mengine kamuulize anayesikia." Nilimtuma dereva wa bodaboda amwambie Bhoke kwamba mama anavuta. Jibu halikuja. Msimu wa mvua ukapita, mahindi yakakomaa, na kila nilipofika Bibi Nyangi alitazama kwanza nyuma yangu, ndipo akanitazama mimi.

Bhoke alikuja mchana mmoja wa jua kali, mtoto mgongoni, mkononi hana mzigo. Hiyo ilikuwa wazi: alikuja kusikiliza, hakuja kukaa. Bibi Nyangi alikuwa amekula, amelala mkekani ubavu, mlango wazi. Mimi nilikuwa uani nakausha kidude. Bhoke akaniamkia kwa kichwa, akavuta kigoda karibu na mlango, akakaa.

Tukasikiliza. Bibi Nyangi alikuwa anakoroma kidogo, mkoromo wa kawaida wa mtu mzima aliyeshiba. Ukaendelea. Mtoto akateremka mgongoni akaenda kufukuza kuku. Kisha pumzi ikasimama, na mkono wa Bhoke ukashika ukingo wa kigoda. Kabla sijajua nifanye nini, pumzi ikarudi, bila kishindo. Ikaenda. Ikaenda muda mrefu.

"Imepungua," nikasema.

"Haijaisha."

"Haijaisha."

Akakaa mpaka kivuli cha nyumba kikamfikia miguu. Bibi Nyangi akaamka, akamwona, wakatazamana. Nilijua Bibi huyu hana neno la kuomba radhi. Nilimtafutia mwaka mzima nikakosa.

"Umelala njiani?" Bibi akauliza.

"Hapana, mama."

"Basi ingia ulale. Macho yako mekundu. Mimi nitapika."

Hakuweza kupika, mkono haujakubali. Bhoke aliingia chumba cha pili akalala hivyohivyo mchana, na Bibi Nyangi akakaa mlangoni kwa kigoda kilekile, akimfukuza kila jogoo aliyetaka kuwika. Mimi nilipika. Walisema ugali wangu ni mazoezi ya taya.

Kuna jambo hakuna aliyelifikiria, hata yule mtaalamu. Miezi kadhaa baadaye, alfajiri, Bhoke alizinduka na nyumba iko kimya kabisa. Hakuna mkoromo, hakuna kishindo. Akaita, kimya. Mlango wa mama una komeo ndani. Akachukua mchi akauvunja. Bibi Nyangi akaketi kitandani, gunzi mgongoni, akauliza ni mwizi gani asiyejua kwamba ng'ombe hawalali chumbani. Alikuwa amelala tu. Usingizi mzito, mzuri, wa kwanza tangu kiharusi. Waliponisimulia nilicheka, lakini Bhoke hakucheka. Alisema sasa hajui asikilize nini. Wakalimaliza wenyewe: mlango haukurudishwa, na mkeka wa Bhoke ukahamia chumba kimoja na kitanda cha mama.

Aliishi miaka mingine mingi, akaona mtoto wa pili wa Bhoke. Alikufa mchana, akiwa macho, akimgombeza mtu kuhusu mtama. Bhoke alinirudishia kidude kimefungwa kwenye khanga. Niliwaachia ninyi, kipo kwenye droo ya chini, kioshwe kabla ya kutumiwa.

Hapo ningemaliza, lakini Samweli ataniuliza kwa nini sijamtaja tena. Mwezi uliopita alikuja kunitembelea. Nilimwandalia chai, tukaanza kuongea, na nilipofumbua macho chai yangu ilikuwa imepoa na yeye ananiangalia kama mimi nilivyomwangalia Bibi Nyangi. Nikamwambia ni uzee. Akauliza nimesinzia wapi kwingine. Nikataja kanisani, nikataja kwenye kigoda nikikamua mbuzi. Huyu kijana nimemfundisha vizuri kupita kiasi. Akaweka kikombe chini, akasema kwa adabu yote:

"Mzee, nani analala na wewe?"

Swali lile nimewauliza watu maisha yangu yote, na sikujua linaingia wapi mwilini. Nikamjibu, "Godoro lenu."

Hakucheka. Akasema basi nimuulize mtu aliyewahi kulala na mimi.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nikampigia Mama Rhobi. Nyuma yake nilisikia soko la Migori, watu wanabishana bei kwa Kijaluo. Nikamuuliza, kama utani, kama nilikuwa nakoroma.

"Kukoroma si shida," akasema. "Ulikuwa unanyamaza."

Nikakaa kitandani.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia, Baba Rhobi. Nilisema unaniogopesha ukilala, ukasema wewe hata ukiwa macho hutishi mtu. Tukacheka." Akatulia, soko likaongea peke yake. "Huko unalala na nani sasa?"

Nilitaka kusema mbuzi. Haikutoka.

"Umekula?" akauliza.

"Nimekula."

"Basi lala sasa hivi, mchana huu. Usikate simu. Iweke hapo kwenye mto."

Nikamwambia ana wateja. Akasema wateja wana macho, watajichagulia. Nikajilaza chali katikati ya godoro lenu, simu karibu na sikio, soko la Migori linavuma kama karasha la mbali. Nilidhani sitalala. Nililala.

Nilishtuka nikasikia jina langu. Si Baba Rhobi. Lile langu la ujana, ambalo siku hizi halina mtu wa kuliita. Nje mbuzi walikuwa palepale, jua halijaenda mbali.

"Bado upo?" nikauliza.

"Nipo. Umenyamaza mara mbili nikavumilia. Ya tatu nikakuita."

Nikaisogeza simu karibu zaidi na sikio.

"Haya," akasema Mama Rhobi kutoka ng'ambo ya mpaka. "Geuka, lala ubavu. Nasikiliza."